Chai ya mzee

Kahawa tunayoinywa barazani hapa Somanga baada ya Alasiri ina nasaba yenye ubishi. Wapo wasemao jina lake limetoka Kaffa, kule Uhabeshi. Mimi sielemei huko, kwani Wahabeshi wenyewe huiita buna, nasi twajua buni na mbuni. Wataalamu wa Kiarabu hutaja jambo zito zaidi: qahwa lilikuwa jina mojawapo la mvinyo, kwa kuwa humwondolea mnywaji hamu ya chakula. Ndugu msomaji, jina hilo ndilo lililohamia kwenye kinywaji cha masufi wa Yemen, waliokinywa wapate kukesha katika dhikri!

Mwaka 1511 Khair Beg, msimamizi wa soko la Makka, aliipiga kahawa marufuku. Amri iliyofuata kutoka Cairo haikuiharamisha kahawa yenyewe. Kilichotazamwa kilikuwa kikombeni, si katika jina.

Chai haina ubishi mwingi; asili yake ni China. Wapo wazee wa pwani ambao chai ya rangi huiita mkandaa, kwa wekundu wa magome ya ule mti wa mikokoni. Hilo ni jina la uwazi.

Lakini iko chai nyingine. Binti yangu alifuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe katika ofisi moja, akaambiwa mzee bado hajanywa chai. Akaniuliza, “Baba, nimpe? Si chai tu?”

Nilimsimulia kisa walichokipokea Bukhari na Muslim, cha mkusanya zaka aliyerudi Madina akasema: hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akahoji kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata.

“Basi cheti kitachelewa, baba,” akasema. Kweli, kimechelewa, na mtoto anatakiwa kuandikishwa shule Januari. Sikumficha kwamba subira hii ina gharama, na nauli za kwenda na kurudi anazilipa yeye.

Safari ya pili tulikwenda pamoja. Bwana yule akarudia kwamba chai hajanywa. Nikamjibu kwa adabu kuwa nyumbani kwetu Somanga birika haliondoki jikoni. Aje wakati wowote, na mkewe na watoto. Akaandika jina la mtoto kwenye daftari, akatwambia turudi Jumatatu.