Ubashiri Miongoni mwa Marehemu

Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu uliotoka Marekani mwaka 1961, huwakutanisha wachezaji wa besiboli wa zama zisizokutana. Kabla ya msimu huo wa kubuni kuanza, mashabiki hubashiri nani atatwaa ubingwa miongoni mwa marehemu. Dadu haimpendelei mtu. Kadi hutegemea yaliyoandikwa. Josh Gibson, mpigaji mashuhuri wa Ligi za Weusi, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuingia Ligi Kuu. Takwimu zake ziliingizwa rasmi humo mwaka 2024. Wastani wake wa kupiga,.372, ukampita Ty Cobb. Hata hivyo, mechi zake nyingi hazikuandikwa. Basi mbashiri, kabla ya kumtaja bingwa, na aulize: nani hakupewa kadi?