Wimbo Huu Unampa Nani?

Katika mji wa Uingereza ninakokaa, kijana wa miaka 15 anapokutana na mwenziwe kwa mara ya kwanza shuleni, haulizwi kwao ni wapi wala ni mtoto wa nani, bali aghalabu huulizwa anasikiliza nini. Na jawabu lake, likiwa jina la mwimbaji mmoja au albamu moja aipendayo kupita zote, laweza kuamua kama atakaribishwa mezani wakati wa chakula cha mchana au ataachwa ale peke yake. Binti yangu amekulia katika desturi hiyo, na orodha ya nyimbo na albamu azipendazo ameitunga kwa uangalifu ambao sijapata kuuona katika daftari lake la hesabu: huongeza huku, hupunguza kule, hubadili mpangilio, na siku anapoamua kumpa mtu orodha hiyo husimama kando akimtazama usoni kama mshitakiwa angojaye kauli ya kadhi.

Haya si mambo ya utoto peke yake, wala hayakuletwa na simu za kisasa. Wazee wa Kiingereza wenyewe wana kipindi cha redio ya BBC kiitwacho Desert Island Discs, kilichobuniwa na Roy Plomley na kuanza kurushwa Januari 1942, ambacho hadi leo hakijakoma, na ambamo mgeni mashuhuri hudhaniwa kuwa ametupwa na bahari katika kisiwa kisicho na mtu, akaruhusiwa kuwa na santuri 8, kitabu kimoja mbali na Biblia na kazi za Shakespeare, na kitu kimoja cha anasa. Kila santuri huelezwa imetoka wapi katika maisha ya mgeni: hii ya utotoni, hii ya siku aliyofiwa, hii ya mapenzi ya kwanza, na msikilizaji, kipindi kinapokwisha, huhisi amemjua mtu yule zaidi ya ambavyo angemjua kwa kusoma wasifu wake. Sisi watu wa Tanga, ambao ng'ambo ya mkondo wetu wa bahari ndiko Pemba, fikra hii hutuchekesha kidogo, kwa kuwa visiwa tuvijuavyo ndivyo vyenye watu waliosongamana na taarabu isiyokwisha mpaka alfajiri. Wala hatuelewi kwa wepesi mtu atafaidi nini kwa udi na kanuni mahali ambapo hapana wa kumkonyeza wimbo ufikapo pale panapouma.

Ndani ya kichekesho hicho ndimo ilimo tofauti ninayotaka kuieleza. Kijana wa hapa, anapotoa wimbo, hutoa habari zake mwenyewe. Kijana wa kwetu, anapotoa wimbo, humpelekea mtu habari.

Nianze na hapa, kwa insafu, maana yapo mengi ya kusifiwa. Katika orodha ya binti yangu imo albamu ya Dave iitwayo Psychodrama, iliyopata tuzo ya Mercury mwaka 2019, na imo ya Little Simz, Sometimes I Might Be Introvert, iliyopata tuzo hiyo hiyo mwaka 2022. Wote wawili ni Waingereza wenye asili ya Nijeria, na nadhani hilo halikosi sehemu yake katika mapenzi ya mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa ugenini. Imo pia albamu ya kwanza ya Billie Eilish, ya mwaka 2019, na ile ya Adele iitwayo 30. Ole wake amwambiaye binti huyu kwamba amesikiliza nyimbo mbili tatu za katikati akaziruka nyingine! Kwake yeye albamu ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na aipitaye dirishani ameivunjia heshima. Naye ana hoja, kwa sababu ile ya Dave imejengwa kwa mfano wa mtu azungumzaye na tabibu wa nafsi, kikao baada ya kikao, na akiyavuruga mazungumzo hayo mtu hawezi kujua mgonjwa alianza wapi. Adele naye, albamu yake ilipotoka Novemba 2021, aliwaomba Spotify waondoe kile kitufe cha kuchanganya nyimbo kilichokuwa kikitangulia katika kurasa za albamu, akisema kwamba wasanii hawapangi nyimbo zao bila ya makusudi, nao wakamkubalia. Usikivu wa namna hiyo, wa kukaa na kazi ya mtu mmoja tangu bismillahi hadi tamati, ni adabu ambayo ningependa kuiona kwa vijana wa kila mahali.

Hata hivyo, usikivu huo ni wa faragha. Ndani ya basi la asubuhi vijana hukaa bega kwa bega, kila mmoja na hedifoni zake, kila mmoja na kisiwa chake. Nakiri kwamba nao wana njia zao za kukivuka kisiwa hicho: Taylor Swift alipoimba Wembley kwa usiku 8 mwaka 2024, wasichana walikwenda huko na bangili za shanga walizozitunga kwa mikono yao, zenye herufi za majina ya nyimbo, wakabadilishana na watu wasiowajua kabisa, nikaipenda sana desturi hiyo. Lakini hata bangili ile husema, "Mimi ni mpenzi wa wimbo huu," na haisemi, "Wimbo huu ni wako."

Sasa niwapeleke Tanga ya miaka ya 1990, tulipokuwa barubaru. Albamu kamili, iliyofungwa katika nailoni yake, ilikuwa ni kitu cha wenye nacho. Sisi wengine tulikwenda kwa muuza kanda, ambaye dukani kwake palikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa waya, tukampa karatasi iliyoandikwa majina ya nyimbo kwa hati nzuri, na kanda tupu ya dakika 60, au ya 90 kwa aliyejaliwa, tukarudi jioni kuichukua. Upande A ulikuwa wa dansi, pengine Mbaraka Mwinshehe, ambaye alikwisha kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya tangu mwaka 1979 lakini sauti yake haikukubali kuzikwa. Upande B ulikuwa wa taarabu ya kwetu, ya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Bi Shakila. Tulivunja vile vibanzi viwili vya plastiki vya juu ili ndugu asije akafuta kazi yetu kwa kurekodi mpira, na ndugu naye akaziba matundu kwa karatasi iliyotafunwa akafuta vilevile. Tulizungusha kanda kwa kalamu ili kuyaonea huruma mabetri. Kanda ikiisha kutengenezwa haikuwa yetu tena: ilikuwa hiba, iliyokusudiwa mtu tangu pale karatasi ilipoandikwa, na mpangilio wa nyimbo zake ulikuwa barua, ambayo mpokeaji aliisoma na kuifasiri pamoja na dada zake wote, pengine na mama yake akisikiliza kutoka jikoni. Ni haki niongeze kwamba warithi wa Mbaraka hawakupata senti katika biashara ile, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilipokuja, iliwakuta wanamuziki wengi wameshazeeka katika ufukara.

Aliyekosa hata kanda tupu alikuwa na redio. Alinunua kadi ya salamu, akaandika jina lake na mtaa wake, kisha majina ya awasalimuo, kisha ujumbe, kisha wimbo, akaitia posta, akangoja majuma. Mtangazaji aliyasoma majina yote bila ya kuruka hata moja, na nimepata kusikia kadi ambayo orodha yake ya watu ilikuwa ndefu kiasi kwamba wimbo wenyewe ulipopigwa ulikatwa ubeti wa kwanza haujamalizika, wala hakuna aliyelalamika, maana kazi ya wimbo ilikuwa imekwisha kutendeka. Mgeni wa Plomley huchagua santuri 8 na haandamani na mtu. Msalimu wetu huchagua wimbo mmoja akaandamana na mtaa mzima.

Na asili ya haya yote, kwa rai yangu, ni taarabu. Aliyepata kuhudhuria anajua kwamba mtu hainuki kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ya sauti tu. Huinuka pale ubeti unapomgusa, akaenda na noti yake mkononi kwa maringo, na kabla ya kuitoa huzunguka mara moja ukumbini ili yule aliyekusudiwa, awe ni mpenzi au ni hasimu, amwone na ajijue. Khadija Kopa amewaimbia watu wa namna hiyo umri wake wote. Na bintiye, Zuchu, aliyeingia katika uwanja wa muziki mwaka 2020, anaimba ya zama zake kwa vinanda vya kompyuta, lakini yule anayeimbiwa yuko pale pale mbele ya wimbo, anaitwa, anabembelezwa, anasutwa.

Majira ya joto yaliyopita binti yangu alimtumia binamu yake wa Tanga, mtoto wa dada yangu, orodha yake nzima ya Spotify. Huduma hiyo ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021, kwa hiyo kizuizi hakikuwa kampuni. Kizuizi kilikuwa bando. Mtoto yule alisikiliza nyimbo mbili, bando likaisha, akanipigia kwa simu ya mama yake. "Shikamoo, mjomba," akasema, "mwambie dada nyimbo nimeziona, nzuri, lakini hakuandika ule wa kwanza anampa nani." Nilipoufikisha ujumbe huo, binti yangu alistaajabu: hakumpa mtu, alisema, ndizo nyimbo anazozipenda, basi. Baada ya siku chache binamu naye akajibu kwa WhatsApp, faili tatu ndogo alizorushiwa na rafiki yake mwenye memori kadi, na chini ya kila moja jina la mtu: moja ya bibi yetu, moja ya binti yangu, na ya tatu, ambayo ilikuwa ya Zuchu, ya msichana mmoja wa darasani kwao, ambaye jina lake alimtajia binti yangu kwa sharti kwamba mimi nisisikie.

Binti yangu aliurudia ule uliokuwa wake mara nyingi kuliko albamu yoyote niliyopata kumwona akiisikiliza. Hakuuelewa wote kwa Kiswahili chake cha ughaibuni, na alinijia na maneno kadhaa kunitaka nimfasirie, jambo ambalo mwalimu wa Jumamosi tuliyemwajiri hakupata kulifanikisha.

Sisemi kwamba njia ya kwetu imekamilika. Tangu kanda zilipotoweka, vijana wa Tanga wanapata nyimbo moja moja, zilizokatwa, zisizo na jina la mtunzi wala la mpiga gitaa, na Profesa Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001 tuliisikiliza mwanzo hadi mwisho kwa namna ambayo mpwa wangu hajapata nafasi ya kusikiliza albamu yoyote. Hapo binti yangu ana la kumfundisha. Lakini katika kupeana, ambako ndiko kiini cha jambo, mpwa wangu ndiye mwalimu, na sisi tulio ughaibuni tumewaachia watoto wetu desturi ya kisiwa kisicho na mtu bila ya kuwaambia kwamba kwao ipo nyingine.

Basi ninawaomba wazazi wenzangu mlioko Leicester, Minneapolis, Muscat na kwingineko: mtoto wako anapotaka kuwapelekea nduguze nyimbo azipendazo, usimwache atume anwani ya orodha ndefu. Mwambie achague albamu moja, aeleze kwa sauti yake kwa nini imepangwa hivyo, aandike chini ya kila wimbo jina la anayepewa, na kabla ya kuituma, mtumie ndugu yake bando la kutosha kuisikiliza mpaka mwisho.