Spika Mbili na Kiti cha Baba

Mtaani kwetu ubora wa spika hupimwa kwa vioo vya madirisha. Vikitetemeka, mziki ni mnene, visipotetemeka, umepigwa. Kwa kipimo hicho sabufa yetu ilikuwa bingwa. Lakini kadiri ilivyotikisa sebule, ndivyo Baba alivyozidi kuhamia chumbani na redio yake ndogo. Akikaa nasi kutazama filamu alikuwa akiuliza, "Amesemaje?" Mwishowe akachoka kuuliza.

Umri hula kwanza sauti nyembamba. Herufi kama s, f na t, zinazotenganisha neno na neno, zinakaa huko juu. Sabufa nayo humwaga besi juu ya hicho kidogo kilichobaki. Ukiongeza sauti, mngurumo nao unaongezeka, maneno yanazidi kuzama.

Kwa hiyo tulipochanga hela za mfumo mpya, mimi nilikuwa natafuta kitu cha kumrudisha Baba sebuleni. Mdogo wangu alitaka 5.1: spika tano na sabufa, risasi zipite nyuma ya kisogo. Alikuwa na hoja. Katika mfumo huo spika ya katikati hubeba mazungumzo, na ile ".1" ni njia ya mngurumo peke yake, isiyozidi hezi 120. Ila hela yetu ikigawanywa mara sita ingetupa spika sita dhaifu. Nikasema tuanze na mbili nzuri za mbele, na amplifaya inayokubali kuongezewa baadaye.

Kariakoo muuzaji aliniwekea wimbo wenye besi ya kutikisa duka. Nikatoa flashi yangu yenye dansi la zamani. Gitaa la besi katika dansi halipigi "bum" moja, linatembea. Uzi wake mnene kuliko zote hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na spika mbovu huzifanya noti zote za chini zifanane. Nikasikiliza pia kama mwimbaji ana kifua, au anaimba ndani ya ndoo. Spika inayomtendea haki mwimbaji itamtendea haki na mwigizaji. Sauti ya mtu tunaijua wote. Bomu, wengi wetu tumelisikia kwenye filamu tu.

Nyumbani kazi kubwa ikawa kiti. Umbali kati ya spika mbili ukilingana na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji, sauti iliyogawanywa sawasawa husikika kana kwamba inatoka katikati, mdomoni mwa anayeonekana kwenye runinga. Anayeipata vizuri ni aliyekaa katikati. Wa pembeni huvutwa na spika iliyo karibu naye. Nafasi hiyo ilikuwa ya mdogo wangu. Alinung'unika, akasogea.

Siku hizi Baba anakaa hapo. Haambulii yote: spika si dawa ya masikio, na filamu za kunong'ona anazikimbia. Lakini Jumapili ni zamu yake ya muziki, na anatuonyesha gitaa lipi linaongoza na lipi linajibu.

Mdogo wangu anaweka akiba ya spika ya katikati. Anasema ni ili Baba ayapate maneno hata akihama kiti. Sabufa hajaitaja, huu mwezi wa pili.