Nilivyolala Chumbe, Kisiwa Kisicho na Kisima

Ndugu msomaji, kama umezaliwa Karagwe au Kyerwa kama mimi, maji umeyajua kwa shingo kabla ya kuyajua kwa koo. Sisi tunakaa vilimani, na chemchemi zinakaa mabondeni. Asubuhi watoto hushuka na madumu, hupanda nayo, na wengine huingia darasani kengele ikiwa imekwisha kulia zamani. Naanza na habari hii kwa sababu safari nitakayokusimulia ni ya kisiwa cha wageni wenye fedha, wala sikutazamia hata kidogo kwamba huko nitakumbushwa madumu.

Wazee wawili, mke na mume, walimu wastaafu wa Ujerumani waliopata kuwa wageni wa parokia yetu, walinialika nifuatane nao Unguja niwe mkalimani wao. Nauli walilipa wao, na malazi vilevile. Nasema hili mapema, usije ukadhani kwamba makarani wa parokia siku hizi wana mishahara ya namna hiyo. Usiku mmoja wa kisiwa kile ungalimeza mshahara wangu wa miezi miwili, na bado ukadai mwingine.

Tuliondoka Kayanga kwa basi tukapita Biharamulo, Kahama na Singida. Sitakuchosha kwa habari za njia hiyo, maana kila aliyeisafiri anaijua kwa kiuno chake. Dar es Salaam tukapanda boti, na kesho yake asubuhi tulikuwa pwani ya Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, mahali ambapo katika karne ya kumi na tisa wamisionari wa Kianglikana walikuwa na shule ya wasichana waliokombolewa utumwani. Magofu yake yapo hata leo. Hapo ndipo mashua ilipotungoja.

Chumbe ni kisiwa kidogo, hekta 22 hivi tu, na urefu wake ni kama kilometa moja. Kote ni jiwe la matumbawe, na msitu umeng'ang'ania juu ya jiwe hilo kwa namna nisiyoweza kueleza, maana udongo ni haba sana. Upo mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, na msikiti mdogo wa zamani. Nyumba ya mlinzi wa taa, iliyokuwa gofu, sasa ndiyo baraza ya kupokelea wageni na kulia chakula. Kisima hakuna. Chemchemi hakuna. Ardhi ile haitoi hata tone la maji matamu.

Kwa miaka mingi watu hawakuruhusiwa kufika huko ovyo, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya jeshi, na tena ni karibu na njia ya meli. Hivyo wavuvi walikuwa wachache, na matumbawe ya upande wa magharibi yakasalia mazima wakati kwingine yalikuwa yakivunjwa kwa nanga na baruti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller, alikuwa akitafuta mahali pa kuwafundishia watoto mambo ya bahari, akapaona hapo. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikatangaza kwamba miamba ile na msitu ule ni hifadhi, na ulinzi wake ukatiwa mikononi mwa kampuni aliyoianzisha. Walinzi walitafutwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Na ili walinzi walipwe, na watoto wa shule za Zanzibar waletwe kujifunza bure, kampuni huuza vitanda kwa wageni. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliiweka Chumbe katika orodha yake ya heshima ya watu na mashirika waliotunza mazingira.

Vibanda vya wageni ni saba tu. Nilipoonyeshwa changu nilitafuta kwanza kiyoyozi, kwa maana nilikuwa nimesikia kwamba mahali pa ghali ndivyo palivyo. Hakikuwapo. Ukuta wa mbele ndio unaoteremshwa ili upepo wa bahari uingie. Taa zinawaka kwa jua lililokusanywa mchana. Paa la makuti ni kubwa kupita kiasi, nami nikadhani ni urembo. Kumbe paa ndilo kisima chenyewe! Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya makuti, hupita katika chujio, hujikusanya katika tangi lililo chini ya sakafu unayolalia. Ukitaka kuoga, maji hupandishwa kwa pampu ya mkono. Ukisha kuoga, maji machafu hayaendi baharini. Hupelekwa katika kitalu cha mimea, nayo mimea hunywa kwanza kile ambacho kingeyadhuru matumbawe.

Na choo, ndugu msomaji, ni choo kikavu. Hakina kamba ya kuvuta wala maji ya kumwaga. Unachota kopo la majani makavu yaliyokwisha kuoza nusu, unafunika, unaondoka. Lile jiwe la kisiwa lina matundu kama sifongo, na uchafu wowote ukiachwa ushuke, mwisho wake ni baharini.

Yule mama wa Kijerumani aliniita kwa aibu, akaniuliza maana ya lile kopo. Mimi nikacheka hata nikakaa chini. Sikumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe. Nyumbani kwangu kipo choo cha jamii hiyohiyo. Kwetu Karagwe shirika la MAVUNO limejenga matangi ya mvua pamoja na wanakijiji, na lilijaribu pia vyoo vikavu ambavyo kinyesi chake hupashwa moto katika tanuri kuua vijidudu, kisha huchanganywa na mkaa na takataka za jikoni kuwa mbolea ya shamba. Mahindi yalistawi kwa mbolea hiyo. Nilipoona habari hizo nami nikajenga changu, kwa bidii ya mtu aliyetoka chuo cha ualimu. Miezi sita tu, shemeji zangu wakaja ugenini, wakacheka. Ati karani mzima anachota majivu kwa kopo! Nikakifunga kwa bati na misumari, nikachimba shimo kama watu wengine.

Jioni nilizungumza na mlinzi mmoja, mvuvi wa zamani. Nikamwuliza, "Bwana, wageni hawa hawalalamiki?"

Akasema, "Wapo wanaolalamika siku ya kwanza. Lakini hapa mvua isiponyesha, hata mwenye dhahabu hanunui maji."

Usiku alinichukua kwa tochi kuona kaa wa nazi, ambaye ni mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani, naye hupanda miti kama mtu. Alikuwa na magando ambayo nisingependa kuyapa kidole. Alinieleza pia habari za paa nunga, mnyama mdogo aliyekaribia kumalizwa Unguja kwa kuwindwa, na wachache wakahamishiwa kisiwani humo. Paa sikumwona. Asubuhi walinivisha kioo cha kuangalia chini ya maji, nami mtu wa migomba na kahawa nikashika boya kwa mikono yote miwili, nikainamisha uso. Yapo matumbawe ya rangi nisizozijua jina, na samaki wa aina zaidi ya mia nne wamehesabiwa pale. Mimi niliacha kuhesabu baada ya robo saa, na mikono ilikuwa imekwisha kufa ganzi.

Sasa nikwambie kilichoninyima usingizi usiku ule. Katika mkoba wangu nyumbani mlikuwa na mpango wa nyumba ya wageni ya parokia, nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa niaba ya halmashauri. Vyumba vinane, vyoo vya kuvuta, na jenereta la kupandisha maji kutoka bondeni. Hesabu ya mafuta niliipunguza kidogo ili wajumbe wasishtuke. Jenereta likiharibika, nani atapandisha maji hayo? Watoto wetu. Kila mgeni akivuta choo mara moja, theluthi ya dumu imekwenda. Niliyajua haya yote wakati nikiandika, lakini nilitaka wageni watuone watu wa maana.

Niliporudi nilisimama mbele ya halmashauri nikaeleza habari za Chumbe. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wale wanalala bila maji ya bomba siku mbili, wanarudi kwao kwenye bomba. Kwao ni mchezo. Sisi tumekuwa bila bomba tangu Rumanyika. Unataka tulipende tatizo letu?"

Watu wakapiga makofi. Nami nakiri kwamba sikuwa na jibu la kumtosha, wala leo sinalo lote. Bomba tunalitaka, na ni haki yetu kulitaka. Nilimwambia tu, "Shikamoo baba, bomba likija tutalipokea. Lakini mvua inakuja Septemba, na paa la kanisa letu ni bati tupu lisilo na mfereji hata mmoja."

Tulibishana mpaka giza likaingia. Tangi lilikubaliwa kwa kura, habari ya vyoo imeahirishwa hadi kikao kijacho, na mzee yule ameapa kwamba atakuwapo. Mifereji imekwisha kufungwa pande zote mbili za paa. Tangi limejengwa kufika kifuani mwa mtu, na mafundi wanadai saruji mifuko kumi na moja zaidi. Nyumbani nimeng'oa ile misumari. Mke wangu ameniuliza shemeji wakija tutasemaje, nami nimemwambia tutawapa kopo.