Babu, Malkia Elizabeth na shamba la Mbulu

Najua nimeadimika, msinirushie mawe. Mazoezi ya kufundisha yameisha, nimerudi chuo juzi usiku, bumu bado halijaingia na chumba tumeshajaa watu sita. Hayo nitayaeleza siku nyingine. Leo nataka niwape stori ya huko nilikotoka, maana nimekuwa nayo kichwani toka nimepanda basi.

Mimi nilipangiwa shule moja ya sekondari pale Katesh, Hanang. Ukitoka nje ya darasa mlima Hanang huo hapo, unakutazama. Nikapewa kidato cha tatu, historia, mada ya utawala wa kikoloni. Nikaingia siku ya kwanza na maandalio yangu mazuri kabisa, nikaanza kueleza jinsi Waingereza walivyotawala kupitia machifu kwa niaba ya mfalme wao. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Madamu, kwani yule mfalme wao mpaka leo anatawala?" Basi kipindi kikafia hapo. Maandalio nikafunga, maswali yakawa yanashuka kama mvua.

Nikawajibu nilivyoweza. Kwamba mfalme yupo, ni Charles, alivikwa taji tarehe 6 Mei 2023 baada ya mama yake kufariki Septemba 2022. Kwamba hatawali kama wanavyofikiria wao. Bunge linatunga sheria, yeye anaweka ridhaa yake, na mara ya mwisho kwa mtawala wa kule kuikatalia sheria ilikuwa mwaka 1708. "Sasa kazi yake nini?" Nikasema anafungua Bunge, anapokea mabalozi, anaonana na waziri mkuu kila wiki na kumsikiliza. Binti mmoja akasema, "Kama mzee wa mila tu." Darasa likacheka, lakini mimi sikuona kosa lake.

Swali lililonikoroga ni la kijana wa Kibarabaig. Alitaka kujua Malkia alipofariki msiba ulichukua muda gani. Nikasema alifariki tarehe 8, akazikwa tarehe 19, siku 11, na Rais wetu Samia alikwenda kwenye mazishi. Kijana akashangaa kweli kweli. "Siku 11 tu? Mtu mkubwa vile?" Kwa asiyejua, Wabarabaig mzee wao wa heshima akifa hufanyiwa bung'eda. Kaburi linainuliwa juu taratibu mpaka linakuwa kama kichuguu kikubwa, na shughuli yake inakwenda miezi, kama tisa hivi. Kwa hiyo yule kijana hakuwa anatania, aliona Waingereza wamemharakisha bibi wa watu.

Na Kilimanjaro je? Hilo lazima liulizwe, najua hata ninyi mliambiwa. Eti Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Stori tamu, ila si kweli. Mpaka ule ulianza kuchorwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na Wilhelm alikuwa hajawa hata Kaisari, alipokea kiti mwaka 1888. Hakuna aliyefunga mlima kwa utepe. Walikaa watu mezani wakagawana nchi zisizo zao, basi.

Haya. Wikiendi moja nikaenda nyumbani Mbulu. Panda gari mpaka Dareda, halafu ule mlima wa Dareda kupandisha Dongobesh, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamkuta babu yangu nje, kwenye kigoda chake, koti la baridi na redio. Babu ana miaka themanini na kitu, masikio mazima, kumbukumbu kuliko mimi. Nikamsimulia maswali ya wanafunzi ili acheke. Hakucheka. Alizima redio, na wanaomjua wanajua hilo ni jambo zito.

Akaingia ndani akarudi na funguo zake. Kwenye kamba ya funguo ana senti kumi ya zamani, zile zenye tundu katikati, imeandikwa 1942 na ina taji juu ya tundu na jina la George VI. Akasema, "Huyu ndiye baba yake Malkia." Ndiyo. "Alikuwa na watoto wa kiume wangapi?" Hakuwa naye hata mmoja, babu. Alikuwa na mabinti wawili, Elizabeth na Margaret. Babu akasema "ahaa", akaiangalia ile sarafu, akaniuliza nimekula.

Nikamwambia tena kitu ambacho hata wanachuo wengi hawajui, na nilitegemea atashangaa. Huyo Elizabeth alikuwa Malkia wa Tanganyika. Si wa wakoloni tu, wetu kabisa, baada ya uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 tulipata uhuru, mumewe Philip akaja kwenye sherehe, lakini mkuu wa nchi akaendelea kuwa yeye, na Richard Turnbull akabaki kama Gavana Mkuu wake. Mpaka 9 Desemba 1962 tulipokuwa Jamhuri na Nyerere akawa Rais. Mwaka mmoja kamili. Babu akaniangalia kama nimemwambia jua linachomoza asubuhi. "Najua. Nilikuwepo." Nikanyamaza. Diploma ya kuwepo inazidi digrii yangu.

Akaendelea mwenyewe. Kwamba sisi Wairaqw hatukuwa na mtu wa kukaa kwenye kiti cha enzi. Kulikuwa na koo, wazee wa eneo na wataalamu wa mvua. Mjerumani alipojenga boma lake Mbulu alihitaji mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi, Mwingereza naye akaja akautaka utaratibu uleule. Ndipo uchifu ukanenepa. Halafu akanikumbusha uchaguzi wa mwaka 1960. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichowaponyoka kilikuwa cha hapa kwetu. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana TANU, akasimama kama mgombea huru na akashinda. "Chifu, na chama nyuma yake, na bado watu walisema hapana," babu akasema. Mwaka 1963 serikali ikafuta uchifu wenyewe kwa sheria. Hili la Sarwatt babu analipenda, alilirudia mara mbili jioni ile.

Mimi nikadhani tumemaliza. Kumbe babu alikuwa bado na Malkia.

Asubuhi nikiwa namsaidia mama kupalilia vitunguu saumu akaja na fimbo yake mpaka kwenye tuta. "Sasa yule binti, huyo Elizabeth. Baba yake alikuwa na ndugu?" Alikuwa nao, babu. Ndugu wa kiume wawili, mkubwa wake na mdogo wake, walikuwa hai siku anakufa. "Na hawakupewa?" Hawakupewa. Sheria yao ya wakati ule, wa kiume anamtangulia wa kike kama wamezaliwa tumbo moja. Ila binti wa mfalme anamtangulia baba yake mdogo. Yeye alikuwa Kenya, Februari 1952, na mumewe, amelala Treetops kule Nyeri, baba yake akafariki usiku huo. Alipanda juu ya mti binti wa mfalme akashuka malkia, na umri wake miaka 25.

Mama aliacha kupalilia. Hakusema kitu, alisimama tu na jembe.

Wadau, hapo ndipo nilipozinduka. Baba yangu alikuwa kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na mji wa wazazi. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Ametuacha mabinti wawili, mimi na mdogo wangu. Mama ndiye anayelima lile shamba mpaka leo, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye hivyo vitunguu saumu. Baba mkubwa na wanawe wameshaanza kusema kwamba shamba haliwezi kwenda kwa watu watakaoolewa na koo nyingine. Wanasema kwa upole, na wakija wanaleta sukari. Lakini wameshapima kwa hatua, mdogo wangu aliwaona.

Kwa hiyo babu hakuwa na shida na familia ya kifalme. Alikuwa anatafuta mfano.

Basi nikampa yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia habari ya Anne, dada yake Charles, aliyezaliwa 1950 akiwa wa pili kwa mama yake, halafu wakazaliwa Andrew 1960 na Edward 1964 wakampita wote wawili, na wanao pia wakampita. Babu akatikisa kichwa, "Hiyo ndiyo ya kwetu." Nikamwambia waliibadilisha. Sheria ya mwaka 2013, kwa waliozaliwa baada ya Oktoba 2011, mkubwa ni mkubwa. Ndiyo maana Charlotte, mtoto wa William, hakupitwa na mdogo wake Louis aliyezaliwa 2018.

Halafu nikamwongezea ile ya Victoria, na hii naomba mnisamehe, niliifurahia mno. Mtoto wa kwanza wa Victoria alikuwa msichana, naye jina lake Victoria. Mdogo wake Edward akampita, akawa mfalme mwaka 1901. Yule dada aliolewa Ujerumani, akamzaa Wilhelm, huyohuyo wa Kilimanjaro ya uongo. Kwa hiyo vita ya 1914, iliyoingia mpaka huku na kumtoa Mjerumani Mbulu, ilikuwa kati ya nchi za mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. George V mpaka akabadilisha jina la ukoo mwaka 1917 akajiita Windsor, maana lile la zamani lilikuwa na harufu ya Kijerumani. Na kama ile sheria ya 2013 ingekuwepo wakati wa Victoria, dada angerithi, na baada yake huyo Wilhelm ndiye angekuwa Mfalme wa Uingereza.

Babu alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. "Kumbe walikuja kupigania shamba la bibi yao kwetu!"

Alipomaliza kucheka akauliza kitu kimoja, taratibu. "Hiyo sheria ni ya kwao. Ya kwetu inasemaje?"

Hili nalo nililijua, asanteni semina za mwaka wa pili ambazo mlikuwa mnazitoroka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Babu akanitazama. "Toka 1999?" Ndiyo babu. "Hiyo ni zaidi ya miaka kumi kabla ya Waingereza." Ndiyo babu. Alinyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu vikao vya ukoo alivyokaa kuanzia mwaka huo, na mabinti waliopita mbele yake.

Akanituma karatasi. Nikachana kwenye maandalio yangu ya somo, akanielekeza niandike namba ya sheria, mwaka na kifungu, kwa herufi kubwa, na nisiandike kitu kingine. Akaikunja mara nne akaiweka nyuma ya redio, pale kwenye betri, akafunika.

Kikao cha ukoo ni Desemba. Babu ndiye mwenyekiti, lakini si mwamuzi peke yake, na baba mkubwa ana watu wake. Kura ya Mbulu haijawahi kutabirika. Mama alinipigia jana, akasema babu amekataa kununuliwa betri mpya, hataki mtu afungue ile redio.

Kesho nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata kurasa moja. Aliye na noti za wiki mbili zilizopita anishtue, namba ni ileile.