Maji ya lambo na bloku ya mjomba

Tuliondoka Handeni alfajiri, mimi, mjomba na bloku ya injini iliyofungwa kamba nyuma ya pikapu ya jirani. Ilitoka kwenye Land Cruiser lake lenye injini ya 1HZ, gari linalobeba mahindi na abiria na ndilo linalolipa ada za watoto wake watatu. Lilikuwa limeanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Mjomba akaona kwa kuwa injini imeshafunguliwa, bora apanue silinda kabisa kisha afunge turbo, vilima visimsumbue tena.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, siku hizi ni lami. Tulipita Misima, tukapita Sindeni, njiani akina mama na ndoo zao wakitafuta maji. Anayeijua Handeni anajua shida hiyo. Mbele yetu milima ya Usambara ikajitokeza kwenye ukungu, mkonge ukafuata, tukaingia Korogwe jua likiwa limeanza kuchoma.

Fundi ni mzee wa makamo mwenye ovaroli lililolowa oili. Tulimwamkia, mjomba akaeleza haja yake: aongezewe kipenyo milimita mbili.

Mzee hakujibu. Aliingiza kidole kwenye tundu la njia ya maji. Kikatoka na tope jekundu.

"Rejeta unaijaza maji gani, ndugu yangu?"

"Ya lambo, mzee. Sisi Handeni tutapata wapi mengine?"

"Basi hii kutu imekuwa ikila ukuta kwa nyuma miaka yote hiyo. Wewe unataka mimi niule kwa mbele."

Akatuchorea kwa chaki sakafuni. Ukiongeza kipenyo milimita mbili, kila upande wa ukuta unapoteza milimita moja. Silinda ya 1HZ ina kipenyo cha milimita 94. Ikifika 96, ujazo wa injini unatoka sisi 4,164 hadi kama 4,343, yaani nyongeza ya asilimia nne tu. Tena ukuta hauna unene sawa kila mahali, kwa sababu kiwandani chuma kikimiminwa, kalibu ya mchanga huweza kusogea kidogo. Upande mwembamba hauonekani kwa macho. Unahitaji kipimo cha mawimbi ya sauti, na pale karakanani hakikuwepo.

"Na turbo?" mjomba akauliza.

Turbo huzungushwa na moshi wa injini na kusukuma hewa nyingi ndani, dizeli nyingi zaidi ikaungua, msukumo ukapanda. Ukuta mwembamba hutanuka na kurudi, ringi zikashindwa kuziba, na mwisho ufa. Hapo maji huingia kwenye silinda.

"Toyota walitengeneza ndugu yake mwenye turbo, 1HD-T," mzee akasema. "Kipenyo waliacha 94 ileile. Mgandamizo ndio walioushusha. Wenye kiwanda hawakupanua, sisi tunapanua kwa lipi?"

Mjomba alitoka nje akampigia shangazi simu. Waliongea muda mrefu. Aliporudi alisema neno moja: "Punguza."

Mzee alipima uchakavu, akachonga saizi ya 0.50, yaani robo milimita kila upande, tukanunua pistoni na ringi za saizi hiyo. Turbo ikaachwa. Alituambia kama mikwaruzo ingekuwa na kina zaidi, angevalisha laina badala ya kuendelea kula ukuta.

Msomaji, ukipeleka bloku kuchongwa, uliza kwanza ukuta umebaki kiasi gani. Asiyeweza kukujibu asiikate. Na rejeta uiwekee kulanti, hata kama lambo liko jirani.

Gari la mjomba bado linapanda vilima taratibu. Januari watoto wote watatu walirudi shule.