Niliongeza Akiba, Nikaficha Uvujaji

Niliwaambia wahudumu wa mapokezi kwamba tatizo ni intaneti ya Malindi. Haikuwa kweli. Tatizo lilikuwa kwenye programu niliyoiandika mwenyewe, na waliobeba lawama za wageni hawakuwa na kosa lolote. Naungama.

Hoteli moja ya ufukweni ilinipa kazi ya kuunda programu ya Java ya kuwekea nafasi za vyumba. Programu ya namna hii haifungui muunganisho mpya na hifadhidata kila mgeni anapotafuta chumba. Huweka akiba ya miunganisho iliyo tayari, huazima mmoja, kisha huurudisha. Nilitumia HikariCP, ambayo usipoibadilisha huishia miunganisho 10. Yote ikishikwa, ombi jipya husubiri sekunde 30, kisha hukataliwa.

Wakati wa masika, wageni wakiwa wachache, hakuna aliyeona kitu. Disemba, Wanairobi na Waitaliano walipofurika, skrini zikaganda. Nikapandisha akiba kutoka 10 hadi 50, na kila alfajiri nikawa naizima seva na kuiwasha upya. Kuganda kukachelewa tu, hakukuisha, nami nikawa nafuta ushahidi kwa mikono yangu.

Ushahidi wenyewe ulikuwa wazi. Saa tisa usiku, hakuna anayeweka nafasi, miunganisho yote ilipaswa kuwa imesharudi. Mingi ilikuwa bado imeshikwa. Hatimaye niliwasha leakDetectionThreshold, kipimo ambacho HikariCP huja nacho kikiwa kimezimwa, nikakiwekea sekunde 20. Logi ikanionyesha mahali muunganisho ulipoazimwa bila kurudishwa kwa wakati: sehemu ya kuhakiki malipo. Malipo yakikubaliwa, muunganisho ulifungwa, yaani ulirudishwa kwenye akiba. Yakikataliwa, programu ilitoka kwa hitilafu kabla ya kuufikia mstari wa kufunga. Mimi nilikuwa nimejaribu malipo yanayokubaliwa peke yake.

Dawa ilikuwepo tangu Java 7, mwaka 2011: try-with-resources, ambayo hufunga muunganisho hata hitilafu ikitokea. Niliiweka, nikarudisha akiba kuwa 10, ikatosha.

Kisha nikaenda mapokezi kuomba radhi. Kuongeza akiba si kosa pale kazi inapozidi kweli. Kosa ni kuiongeza kabla hujajua nani ameazima na hajarudisha, na kumtwika mwenzako lawama ya jambo ambalo hujalichunguza.